Kwenda Castleton na vilima vya Peak District: maswali mnayouliza kila mara

Ndugu na marafiki wakitua Uingereza, wakishapiga picha zao London, wanaanza kuulizia vijijini. Mimi naishi Sheffield, vilima vyenyewe viko karibu tu, kwa hiyo jibu langu halibadiliki: nenda Castleton na ulale huko, usiende na kurudi siku hiyo hiyo. Nimeyakusanya maswali hapa ili nipumzike kurekodi voisi noti zile zile.

Hiyo Castleton iko wapi, na kwa nini sio Cotswolds wanakoposti watu wote?

Iko Derbyshire, katikati ya Sheffield na Manchester, ndani ya Peak District ambayo ndio hifadhi ya taifa ya kwanza kabisa Uingereza, ilitangazwa 1951. Ila ukisikia hifadhi usije ukatafuta geti na swala. Hifadhi za huku watu wanaishi humo humo, wanafuga, wanalima, kuna shule, kuna hata kiwanda cha saruji kikubwa pale Hope kipo tangu 1929 na bomba lake litaingia kwenye nusu ya picha zako upende usipende.

Cotswolds ni pazuri, sikatai. Lakini kule ukishaona nyumba za mawe na kamto kanakopita katikati basi, umemaliza, unabaki kunywa chai. Castleton kijiji chenyewe unakizunguka saa moja tu na hakuna cha ajabu sana, utamu wote uko nje ya kijiji: mapango manne, ngome ya miaka ya Wanormani, mlima unaobomoka, na vyote hivyo unavifikia kwa miguu yako bila kukodi kitu.

Nafikaje bila gari?

Kutoka London panda treni St Pancras mpaka Sheffield, kama saa mbili hivi. Hapo Sheffield unabadilisha, unachukua treni ya kijijini ya njia ya Manchester unashuka stesheni ya Hope, haifiki nusu saa. Ukitokea Manchester unapandia Piccadilly, treni ni hiyo hiyo ila inakuja upande wa pili, na kaa upande wenye dirisha kubwa maana mwisho mwisho panakuwa pazuri mno. Toka Hope mpaka Castleton ni kama kilomita 3, unaweza kusubiri basi au ukatembea kwa njia ya mashambani kando ya mto, tambarare tupu.

Kuna pia basi namba 272 linatoka Sheffield mjini mpaka Castleton moja kwa moja. Linachelewa kuliko treni kwa sababu linaingia kila kijiji lakini kwa mgeni hiyo ndio raha yenyewe, unakaa juu unaangalia kondoo. Nauli unagonga kadi mlangoni kwa dereva.

Kitu cha kushika sana ni hiki: mabasi ya vijijini huku yanaacha kutembea mapema, na Jumapili ratiba inabadilika. Usiende na mawazo ya daladala kwamba litakuja tu lingine. Angalia la mwisho linaondoka saa ngapi kabla hujapanda la kwanza. Na tiketi za treni ya London nunua wiki kadhaa kabla, ukinunua siku ya safari bei itakuumiza bure.

Viza vipi?

Pasi za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zinahitaji viza ya matembezi ya Uingereza, unajaza mtandaoni halafu unaenda kutoa alama za vidole kwenye kituo chao. Viza ya Schengen ya Ulaya haikuingizi huku, hilo naulizwa kila mwezi. Wenye pasi ya Oman na nchi nyingine za Ghuba mambo yao mepesi, wanaomba kile kibali cha ETA kwenye simu. Ada zinapanda mara kwa mara kwa hiyo cheki tovuti ya serikali yenyewe, achana na mawakala wa mitaani.

Nilale wapi?

Kuna nyumba za watu wanaokodisha vyumba na kukupa kifungua kinywa, kuna pabu zenye vyumba juu, na kuna hosteli ya YHA inaitwa Losehill Hall, jumba la zamani lenye uwanja wake mkubwa, dakika chache kwa miguu toka kijijini. Hosteli sio ya vijana tu, familia zinajaa pale, na lina jiko la kujipikia ambalo kwa sisi wa kula ugali wetu ni jambo la maana.

Siku za wiki, Jumatatu mpaka Alhamisi, bei zinashuka na kijiji kinatulia. Wikiendi ya jua ni balaa, magari yanapanga foleni mpaka nje, na ikishagonga saa kumi na moja jioni wote wanaondoka kwa pamoja. Wewe uliyelala ndio unabaki na kijiji, na jioni za Juni kunakuwa na mwanga mpaka saa tatu na nusu usiku kwa hiyo una saa nne nzima za kutembea vilima vikiwa havina mtu. Hii ndio sababu nasema mtu alale.

Mapango yapo manne, niingie lipi? Yote siwezi kulipia.

Yote ya nini, mapango mawili yanatosha. Mimi nakwambia hivi.

Kama ni moja tu, Peak Cavern. Wenyeji wanaliita Devil's Arse, yaani Tako la Shetani, jina la matusi kweli na wanaliuzia hadi fulana. Mdomo wake ndio mkubwa kuliko pango lolote la asili Uingereza, na kilichonifanya nilipende sio ukubwa. Kwa karne nyingi hapo mdomoni kulikuwa na kijiji kizima cha wasokota kamba, familia zinaishi ndani ya pango, wana vijumba vyao, wana mifugo, wanasokota kamba za migodini. Pango ndio paa lao, mvua haiwapati. Ukiinua macho utaona dari jeusi tii, ni masizi ya majiko yao mpaka leo hayajatoka. Anayewatembeza atawaita mbele mmoja wenu azungushe gurudumu, nyuzi zinajikaza, zinajisokota zenyewe, na kamba inatoka mbele ya macho yako, jitolee wewe usiogope. Mvua kubwa ikinyesha maji yanajaa sehemu za ndani, na pale yanapokwisha kunatoka mlio fulani, ndipo inasemekana jina lilipotoka.

La pili Speedwell, hili unaingia kwa boti. Sio pango hasa, ni handaki lililochimbwa na wachimbaji kuanzia 1771 wakitafuta madini ya risasi. Walichimba miaka na miaka, wakaambulia kidogo sana, wakala hasara wakaondoka. Unashuka ngazi zaidi ya 100, mnavaa helmeti, mnakaa kwenye boti maji yametulia na dari iko hapo hapo juu ya kichwa, helmeti zinagonga kokoko. Mwenye hofu ya sehemu finyu asithubutu, namaanisha.

Yaliyobaki ni Treak Cliff na Blue John Cavern. Hayo ndio yenye jiwe la Blue John, aina ya madini ya floriti yenye mistari ya zambarau na manjano, linapatikana hapo tu, kwenye kilima kimoja. Vito vyake vinauzwa madukani kijijini, pete ndogo tu bei yake unashika mdomo. Treak Cliff nalipenda zaidi kwa sababu ya zile chokaa zinazoning'inia darini, Blue John Cavern lina ngazi nyingi kupita kiasi na kumbuka ulizoshuka utazipanda.

Peak na Speedwell ni ya mwenye mmoja, kuna tiketi ya pamoja inayopunguza bei. Weka nafasi mtandaoni kabla, hasa shule zikifungwa.

Na ile ngome juu ni ya nani?

Peveril Castle, aliianzisha William Peverel baada ya Wanormani kuiteka England 1066, na kwenye kile kitabu cha sensa cha 1086 tayari ilikuwemo. Mnara wa mraba unaouona juu ulijengwa na mfalme Henry II mwaka 1176. Leo ni magofu tu, ndani ya mnara hamna kitu, ila unalipia kuona mandhari na inalipa. Njia ya kupanda ni kona kona kali, mtu wa magoti mabovu atapata tabu. Inatunzwa na shirika la English Heritage, mwenye kadi yao anaingia bure. Nyuma yake kuna bonde jembamba la mawe linaitwa Cave Dale, hilo halina tiketi, na ngome ukiitazama kutoka kule chini inapendeza kuliko ukiwa ndani yake.

Mam Tor ni ngumu? Mimi sio mtu wa milima.

Mita 517. Umetoka nchi yenye Kilimanjaro, usinichekeshe. Ukianzia paking ya juu ya shirika la National Trust ni ngazi za mawe, dakika 20 umefika na watoto wadogo wanapanda. Ukianzia kijijini ndio unatoa jasho kidogo.

Njia ninayowapeleka wageni ni hii: toka kijijini fuata barabara ya zamani ya magari. Barabara hii ilikuwa kuu, ya kwenda Manchester, na ule mlima una tabaka za mawe laini yanayoteleza kila yakilowa, kwa hiyo barabara ilikuwa inakatika wanaziba, inakatika wanaziba, mpaka 1979 wakanyoosha mikono wakaifunga moja kwa moja. Sasa unatembea juu yake. Mstari mweupe wa katikati bado upo, halafu ghafla lami imezama urefu wa mtu, na ukisogea kwenye mpasuko unaona viraka vya miaka yote vimelala juu ya kila kimoja kama chapati kwenye hotipoti, unaweza kuvihesabu. Watoto hapo hawaondoki.

Kutoka hapo unapanda kileleni, kuna mitaro ya ngome ya watu wa kale wa kabla ya Warumi, halafu unafuata mgongo wa mlima mpaka Hollins Cross. Kushoto unaona bonde la Edale, kulia Castleton. Watu wa Edale walikuwa wanabeba majeneza kupitia kwenye huo mgongo mpaka kanisa la Castleton, kabla hawajajenga la kwao karne ya 17. Ukiwa na pumzi endelea mpaka Lose Hill, ukiwa huna shuka Hollins Cross urudi kijijini. Upepo huko juu hata Julai unabeba kofia. Koti la mvua sio hiari, na viatu viwe vya kushika, raba nyeupe za mjini ziache chumbani.

Njia zinapita mashambani mwa watu. Si nitafukuzwa?

Hufukuzwi, ni haki yako. Ukiona kibao kimeandikwa Public Footpath hiyo njia ni ya umma hata kama inapita katikati ya zizi. Unachotakiwa ni kufunga geti ulilolifungua na kutowasumbua kondoo. Ng'ombe wenye ndama wapitie mbali, hao sio wapole wanavyoonekana.

Ila haki hiyo watu waliipigania, na ilipiganiwa hapa hapa. Milima kama Kinder Scout, ambao ndio mrefu kuliko yote Peak District, mita 636, ilikuwa imefungiwa na matajiri kwa ajili ya kuwinda ndege. Vijana wa viwandani Manchester na Sheffield siku yao ya mapumziko walikuwa hawana pa kwenda. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia wakapanda kwa makusudi wakiongozwa na kijana fundi anaitwa Benny Rothman, wakakutana na walinzi wenye marungu, na watano wakafungwa jela. Miaka 17 baadaye ikaja sheria ya hifadhi za taifa, na mwaka 2000 sheria nyingine ikafungua maeneo mengi ya milima wazi kwa kila mtu atembee. Mimi nikipita pale bila kuulizwa na mtu huwa nawakumbuka wale watano.

Kutoka Edale, ng'ambo ya ule mgongo, ndipo inapoanza Pennine Way, njia ya miguu ya kama kilomita 430 mpaka Scotland, ilifunguliwa 1965. Sisemi uimalize. Tembea hata saa moja upige picha kwenye kibao urudi.

Chakula? Sili nguruwe na sinywi.

Pabu za vijijini huku ni mahali pa kula kama mgahawa tu, watoto wanaingia, mbwa wanaingia, hakuna anayekulazimisha bia. Unaagizia kaunta, unataja namba ya meza, unalipa hapo hapo. Nyama halali kijijini usitegemee, utakula samaki na chipsi, pai ya jibini, supu na mkate. Chipsi nyingine zinakaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, uliza. Wengi tunabeba: kuku wa kuchoma na sambusa za Sheffield ambako bucha za halali zipo tele, unakula juu ya mlima. Jikoni wanafunga kati ya mchana na jioni, ukifika saa kumi na njaa utapewa keki. Mchuzi wao hauna pilipili, beba yako.

Swala: ramani haionyeshi msikiti karibu, unaswali popote penye majani makavu, kibla ni kusini mashariki. Juni angalia ratiba vizuri maana Isha na Alfajiri zinakaribiana sana.

Niende mwezi gani?

Mei na Juni. Aprili wana-kondoo wamejaa lakini baridi bado ipo, Agosti watu wengi na vilele vya Kinder vinakuwa zambarau kwa maua, Desemba kijiji kinawasha taa za Krismasi zinazosifika ila jua linazama kabla ya saa kumi jioni.

Ukiweza kupanga, lenga tarehe 29 Mei, ndio Garland Day, yaani Siku ya Shada. Hiyo sikukuu hawaifanyii watalii, wanajifanyia wenyewe. Mwanamume mmoja anakuwa mfalme, anapanda farasi kwa nguo za karne ya 17, halafu anavalishwa kuanzia kichwani mpaka kiunoni fremu nzito iliyofunikwa maua na majani yote, haoni kitu, farasi anaongozwa na mtu. Bendi inapiga wimbo ule ule, wasichana wamevaa nyeupe wanacheza mbele, wanasimama pabu moja baada ya nyingine. Mwisho wakifika kanisani St Edmund's wanaliinua lile shada kutoka kichwani mwake kwa kamba, linapanda taratibu ukutani mpaka juu ya mnara na linaachwa huko mpaka likauke. Wanasema ni kukumbuka kurudi kwa mfalme Charles II mwaka 1660. Wengine wanaona ni ya zamani kuliko hapo, na ukimwangalia huyo mtu wa majani juu ya farasi unawaelewa. Tarehe ikiangukia Jumapili wanafanya Jumamosi.

Eyam ndio kile kijiji cha tauni?

Ndio hicho, kama nusu saa kwa gari. Mwaka 1665 fundi cherehani wa pale alipokea vitambaa kutoka London, viroboto wakaja navyo, watu wakaanza kufa. Mchungaji wao William Mompesson akisaidiana na aliyemtangulia, Thomas Stanley, wakawashawishi wanakijiji wajifungie, asiingie mtu asitoke mtu, ugonjwa usisambae vijiji vya jirani. Miezi 14. Wanatajwa watu 260 waliokufa, akiwemo mke wa mchungaji, kaburi lake liko uani kwa kanisa. Ukitoka kijijini kwa miguu kuna jiwe la mpaka lina vishimo, walikuwa wanaweka sarafu zao ndani ya siki ili wa nje wachukue na kuacha chakula. Vishimo bado vipo, kidole kinaingia.

Na nenda Riley Graves, ukingoni. Mama mmoja, Elizabeth Hancock, alizika mume na watoto sita ndani ya siku nane, Agosti 1666, peke yake. Mawe saba ndani ya kaukuta ka mviringo katikati ya shamba. Kwa aliyepita corona, hapo hapahitaji maelezo.

Ladybower kuna kijiji chini ya maji kweli?

Vilikuwa viwili, Derwent na Ashopton, vilizamishwa kujenga bwawa la maji ya kunywa ya miji ya huku, lilizinduliwa na mfalme George VI mwaka 1945. Mnara wa kanisa la Derwent uliachwa umechomoza majini mpaka 1947 wakaulipua. Kiangazi kikali, kama 2018 na 2022, maji yanashuka na kuta za nyumba zinaonekana. Miaka ya kawaida huoni kitu, kwa hiyo usiende kwa sababu hiyo, nenda kwa sababu ya baiskeli: zinakodishwa pale Fairholmes na njia ni nzuri kando ya maji. Bwawa la juu yake, Derwent, marubani wa ndege za vita walifanyia mazoezi 1943 kabla ya kwenda kulipua mabwawa ya Ujerumani. Kuogelea marufuku yote mawili. Mwenye hamu ya maji aende Hathersage, kuna bwawa la kuogelea la wazi lina maji ya moto, lipo tangu 1936.

Chatsworth je?

Jumba la kina Cavendish, ukoo wenye cheo cha Duke wa Devonshire. Tiketi ghali, siku nzima inaisha. Bustani inatosha, na kutembea kwenye uwanja wake wa nje kando ya mto ni bure. Unganisha na Bakewell jirani, Jumatatu ndio siku ya gulio, na ule pudding yao ya lozi ikiwa bado ya moto.

Mama yangu ana miaka 70, atafurahia?

Atafurahia sana, mradi usimburuze mapangoni. Peak Cavern pale mdomoni sawa, njia ya mto mpaka Hope sawa, Eyam sawa, chai na skonzi kijijini ndio kabisa. Mpe siku ya kukaa tu.

Watatuangalia vibaya?

Utakuwa mweusi peke yako mara nyingi, sitaki kukudanganya. Mimi ninachokutana nacho ni salamu, huku njiani kila mtu anasalimia kila mtu, kitu ambacho Mwingereza wa mjini hakifanyi. Wazee watakuuliza unatoka wapi halafu watakuhadithia safari yao ya Mombasa ya zamani.

Kiusalama hatari ni ukungu, sio watu. Mtandao wa simu unakatika mabondeni, pakua ramani kabla. Ukiumia mlimani piga 999, omba polisi, halafu waambie Mountain Rescue. Ni watu wa kujitolea na hawatozi.

Mvua ikinyesha siku nzima?

Itanyesha. Speedwell asubuhi, pabu yenye moto mchana, na ikipungua jioni toka. Ila kama imenyesha usiku kucha piga simu kwanza Peak Cavern kuuliza kama ndani pamefunguliwa.